Ubavu wa Nne

Ilishuka kwenye shamba la viazisukari la Vasseur,
Jumanne, saa ya kukamua ng'ombe,
injini ya kushoto kimya, ya kulia ikikohoa,
mabawa mawili, moja juu ya jingine,
kabati la sahani lililojifunza kuruka.

Tukakimbia na ndoo na mauma.
Akateremka bibi wa Kiingereza, pamba masikioni,
boksi la kofia kifuani kama kichanga;
kisha muuza glavu; kisha padri, uso kijani;
kisha bwana mrefu mwenye kola ngumu
aliyesema asante kwa lafudhi
iliyomfanya Vasseur ateme mate.

Mlangoni nikaona viti vya matete,
saa ndogo ukutani,
na waridi moja kwenye bilauri, bado likitetemeka.

Lakini mimi naijua ndege hii tangu haina ngozi.
Harufu ndiyo iliyoniambia:
ile dawa ya kukazia kitani, mapea yaliyovunda,
iliyotulevya wasichana arobaini na wawili
karakanani Billancourt, mwaka wa mwisho wa vita.
Ilichorwa ibebe mabomu.
Kila mshono ni risasi, msimamizi alituambia,
akipita na rula yake kupima mishono.

Nilishona.
Na siku moja, alipokwenda kuvuta sigara,
kwa uzi mwekundu niliouchomoa kwenye pindo la sketi,
ndani, kwenye ubavu wa nne wa bawa la chini,
niliandika FIRMIN.
Kaka yangu. Kutoka Chemin des Dames
hakikurudi hata kifungo chake.
Nenda nayo, nilimwambia. Kawaangushie.

Vita vikaisha kabla rangi haijakauka.
Palipokusudiwa mabomu wakatoboa madirisha,
wakaweka matete, waridi, bei ya tikiti.

"Nani hapa anajua kushona?"
Fundi wao, Anselme, mafuta hadi kwenye viwiko.
Waya wa ua ulikuwa umechana bawa la chini.
Zilitengenezwa nyingi, nilijiambia, nyingi mno,
na nikakosa tundu la sindano mara tatu.

Giza likaingia. Taa alinishikia yule bwana mrefu,
maana wenzake walikuwa jikoni wakinywa supu
na yeye hakuna aliyemwambia karibu.
Nikapanua jeraha kwa vidole.
Ubavu wa tatu.
Wa nne.
Herufi zilikuwepo, zimepauka, rangi ya ufizi,
N imepinda, kwa haraka ya siku ile.

Akasoma. Akauliza, kwa Kifaransa cha shuleni,
"Ndilo jina la ndege?"
Nilikuwa na majibu ya miaka minne.
Nikasema, "Ndiyo."
Akavua kofia. Alijua? Sijui.
Taa ilitikisika, na upepo ulikuwepo pia.

Mkasi ulikuwa mapajani.
Ningeweza kumkata, nimpeleke nyumbani,
akae sandukuni na picha yake na cheti cha ubatizo.
Lakini Firmin hakuwahi kupanda hata treni
hadi siku walipomchukua.
Nikafunga kitani juu yake, mishono midogo,
midogo kuliko ya rula.

Asubuhi Anselme alinilipa faranga kumi
na dakika tano juu ya kiti.
Matete yakalalamika chini yangu.
Dirishani: zizi letu, mama anaanika shuka.
Basi. Ndiyo yote niliyoiona dunia kutoka humo.
Kisha waliondoka, magurudumu yaking'oa safu tatu
ambazo Vasseur anaidai kampuni hadi leo.

Jumanne na Ijumaa hupita juu yetu.
"Kelele hizo," husema mama, "kuku hawatagi."
Sijamwambia.
Naitazama hadi shingo iume,
nikihesabu kutoka ncha ya bawa:
mmoja, wa pili, wa tatu.